Firigisi ya Mwenye Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sufuria. Mpishi Mkuu alinisogezea beseni la kuku waliokwisha kunyonyolewa, akanipa kisu kidogo chenye mpini wa mti, akasema, "Hapa kisu kikubwa ni cha kujionyesha. Kazi yote inafanywa na hiki." Kisha akaketi mkabala nami, akakunja mikono, akasubiri nianze.

Ilikuwa nyumba ya wageni ya misheni moja ufukweni, ukiishapita Liuli kuelekea Mbamba Bay. Mimi nilitoka juu, milimani nyuma ya Mbinga, nikateremka na lori la mfanyabiashara aliyekuwa akifuata dagaa. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na mafunzo kidogo ya mapishi parokiani, na nilijiona najua. Ziwa lenyewe nililiona kwa mara ya kwanza siku hiyo, lakini sikupata muda wa kulishangaa, maana sikukuu ilikuwa imekaribia na wageni walikuwa wameanza kuingia. Kule ufukweni wanaiita Krismasi. Sisi wa juu tumezoea kusema Noeli, na mpaka leo ulimi wangu haujabadilika.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya jiko, hasa mnaopika huku simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi. Simu ina mengi, sikatai. Ila mchuzi wa firigisi, ule ambao wageni wa misheni waliuita grevi na sisi tukauita hivyo hivyo, mimi nilifundishwa kwa mkono na kwa mdomo, na huo mdomo ndio ulioniletea matata.

Kwanza kuku. Ukiishampasua, matumbo yanatoka pamoja, na kuna vitu vinne vya kuhifadhi: shingo, moyo, ini na firigisi. Ini limebeba kifuko cha kijani, nyongo. Hicho unakikata mbali, pamoja na kipande kidogo cha ini, wala usione uchungu kupoteza kipande hicho. Nyongo ikipasuka usijidanganye kwamba maji yataisafisha, ini hilo limekwenda. Firigisi ndiyo ile misuli migumu inayomsagia kuku punje, kwa sababu kuku hana meno. Unaipasua ubavuni, unamwaga mchanga uliomo, kisha unabandua ngozi ya njano ya ndani kwa kucha mpaka itoke yote. Ngozi hiyo ikibaki, mchuzi wako utakuwa na ladha ya shimo la taka. Mpishi Mkuu aliniangalia nikifanya ya kwanza, akaigeuza kwenye kiganja chake, akanirudishia. Nilikuwa nimeacha kijipande kidogo cha njano pembeni.

Alikuwa Mnyasa wa pale pale ufukweni, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amepika misheni tangu ujana wake. Hakuwahi kunipigia kelele. Akitaka kukukaripia alikuita "mheshimiwa", basi ukajua leo kuna kazi.

Grevi alinifundisha siku tatu kabla ya sikukuu, kwa sufuria ya wafanyakazi, ili nikiharibu tuharibikiwe sisi wenyewe. Shingo, moyo na firigisi vinaanza pamoja kwenye maji baridi, na kitunguu na karoti, moto mdogo. Povu linalopanda unaliengua kwa upawa. Ini haliingii mapema, kwa kuwa likichemka sana linakuwa kama chaki, kwa hiyo linangoja mpaka wenzake wameiva. Kuku mwenyewe wakati huo yuko kwenye trei anaokwa, na yale mafuta na masalia ya kahawia yanayoganda chini ya trei ndiyo roho ya mchuzi. Unayakwangua, unayatia unga, unakaanga polepole mpaka unga ubadilike rangi na uanze kunukia kama njugu, ndipo unamimina ile supu kidogo kidogo huku unakoroga ili vibonge visipate nafasi. Unga wa ngano miaka ile ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mpishi Mkuu alitumia wa mahindi, aliouchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama poda. Unga wa muhogo, ambao ndio umejaa kule, aliukataa katakata kwa sababu mchuzi unavutika kama ute. Mwisho, firigisi, moyo na ini vinakatwakatwa vidogo na kurudishwa ndani.

Nilifanya yote hayo, na kwa kweli mchuzi ulikuwa umetoka vizuri. Mpishi Mkuu akachota kijiko, akaninyooshea.

"Onja."

"Siwezi, Mzee."

"Unaumwa?"

"Hapana, Mzee. Ina firigisi."

Vijana wa sasa mtacheka, kwa hiyo ngoja nieleze. Nyumbani kwetu, na majumba mengi sana niliyoyajua, firigisi ni ya mwenye nyumba. Haikatwi. Inapikwa nzima, inawekwa juu ya kipande chake kizuri, na macho ya wote mezani yanaishuhudia ikifika kwake. Akija mgeni anayemzidi heshima, mwenye nyumba humwachia firigisi, na mgeni akielewa anashukuru. Mwanamke haigusi kwa meno. Mama yangu aliipika maisha yake yote, nadhani alikufa bila kuijua ladha yake. Tuliambiwa binti anayekula firigisi ni mlafi, hataolewa, na akiolewa atarudishwa. Na neno baya kuliko yote unaloweza kumsema mpishi yeyote, awe mke, awe wa kuajiriwa, ni hili: kala firigisi.

Mpishi Mkuu hakucheka. "Mama yangu naye hakula mpaka tunamzika," alisema. "Sasa utapimaje chumvi?"

"Kwa kunusa, Mzee."

"Haya. Nusa."

Nikanusa, nikaongeza chumvi, nikanusa tena, nikaongeza. Akaonja yeye, akatema pembeni ya jiko kwa adabu, akajifuta mdomo.

"Pua haijui chumvi, mheshimiwa," alisema. "Nisikilize. Nyumbani kwenu usionje, hiyo ni sheria ya baba yako na mimi siiingilii. Lakini hapa unaonja kwa niaba ya watu ambao hawawezi kuingia jikoni kujionjea. Ukishindwa nitakupeleka kwenye mashuka, ukafue. Nako ni kazi ya heshima. Ila mchuzi usioonjwa hauvuki mlango huu."

Tukatengeneza mwingine. Akaninyooshea kijiko. Nikaonja haraka, nikameza, na jambo la kwanza nililofanya ni kutazama mlangoni, kana kwamba Baba angekuwa amesimama pale na jembe lake begani. Hakuwapo. Mchuzi ulikuwa mtamu, tena mtamu wa kunikasirisha, na ulipungukiwa chumvi kidogo tu.

Noeli hiyo sikwenda nyumbani, wala iliyofuata, wala yoyote baada ya hapo kwa muda wote nilioajiriwa. Lijueni hili kabla hamjaingia kazini: sikukuu ya mpishi iko jikoni kwa watu. Wenzenu wakivaa nguo mpya, ninyi mnavaa aproni. Likizo nilipata Januari, wakati mahindi yamekwisha simama shambani, nikapanda kwenda kwetu na furushi la dagaa na moyo uliojaa habari.

Baba alijivunia mimi, nawaambia kweli. Alinikalisha kwenye benchi lake, akaniuliza kuhusu kazi, na mimi nikaeleza kila kitu kwa majigambo ya msichana mwenye mshahara wa kwanza: kuku, trei, unga wa kuchekecha, jinsi Mpishi Mkuu asivyotoa mchuzi bila kuonjwa. Jioni ile nilikuwa nimempikia mimi mwenyewe, na sahani ilikuwa mbele yake.

"Mchuzi huo unapikwa na firigisi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na unauonja wewe."

"Mchuzi wake, Baba. Ni kazi."

"Firigisi imo ndani."

"Imo."

Akalichukua birika, akanawa mikono, ingawa alikuwa hajala kitu. "Mimi nimeshiba," alisema. Hakugomba, na afadhali angegomba. Kutoka siku hiyo, kila nilipofika nyumbani na kupika, Baba alikuwa ameshiba. Akipika Mama, alikuwa na njaa. Nilijaribu mboga za maboga, nilijaribu maharage ambayo hayajawahi kuonana na kuku, lakini jibu lilikuwa lile lile, kwa upole ule ule. Iliniuma sana. Watu wa mbali walikuwa wakipanda ngazi za jikoni kunishukuru, na mtu mmoja niliyetaka ale alikuwa akinawa mikono.

Mama aliniita nyuma ya nyumba, tukawa tunachambua maharage. "Usimwone mkorofi," aliniambia. "Alifiwa na baba yake angali mdogo. Firigisi ya nyumba yao ikawa ya baba mdogo aliyemlea, na yeye alikuwa akila mabawa na watoto. Siku waliyomwekea ya kwanza kwenye sahani yake, ndiyo siku walikubali kuwa ni mtu mzima mwenye shamba lake. Aliniambia hakuitafuna, aliitazama kwanza mpaka chakula kikapoa. Wewe unaona kinyama. Yeye anaona siku ile."

Nilimwelewa tangu hapo, na kumwelewa kulifanya jambo liwe gumu zaidi, maana sikuweza tena kumkasirikia.

Baada ya miaka kadhaa pale ufukweni nilihamishiwa jiko la hospitali moja, chini ya Sista Mkuu. Huko hakuna sifa. Ni uji, maharage, na mbasa wa kuchemsha kwa wale walioruhusiwa samaki, na kwa sikukuu kuku wachache wa kugawia wodi nzima. Nilidhani grevi nimeiaga. Noeli ya kwanza Sista Mkuu akaja jikoni akiwa amekunja mikono ya kanzu yake, akauliza wazee wa wodi ya mwisho nimewawekea nini. Nikamwambia mchuzi mtupu, kwa kuwa wengi wao hawana meno.

"Mgonjwa asiyetafuna bado ana ulimi," alisema. "Tafuta njia."

Njia ilikuwa kisu kidogo. Nilijifunza kuikata firigisi iliyoiva vipande vyembamba, kisha vijiti, kisha kuivuruga kwa kisu mbele na nyuma kwenye ubao mpaka iwe kama pumba laini, halafu kuichemsha tena ndani ya grevi kwa moto mdogo. Ikimwagwa juu ya viazi vilivyopondwa, mtu asiye na jino hata moja anaimaliza na bado ladha ya firigisi anaipata yote. Mkono uliniuma wiki nzima. Mzee mmoja wa wodi ile, aliyekuwa hasemi na mtu, aliligeuza bakuli kuangalia kama kuna lililobaki chini.

Kutoka hapo nikapanda Mbinga mjini, nyumba ya kufikia wageni wa biashara ya kahawa, mkuu wangu akiwa Bwana Meneja. Alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa na moyo mwema, aliyeogopa aibu kuliko njaa. Pasaka moja aliandaa chakula kwa wakulima wakubwa, na mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja aliyeheshimika sana milimani kote, mtu ambaye watu walimsubiri aketi ndipo nao waketi. Bwana Meneja alikuwa amekula grevi mahali fulani, akaitaka. "Tuwape kitu cha kisasa, Mama Mpishi," alisema. Nikawapa. Kuku waliokwa vizuri, grevi ikang'aa, nikawatuma wahudumu ndani nikiwa nimetulia kabisa.

Punde Bwana Meneja akaingia jikoni, jasho linamtoka. "Mama Mpishi, firigisi iko wapi?"

"Ya nani, Bwana Meneja?"

"Ya mgeni rasmi. Mzee amegeuza kuku wake pande zote, ameweka kijiko chini. Hakuna anayekula. Kuna mtu amekwisha sema jikoni wamekula."

Kila kuku alikuwa na firigisi yake, na zote nilizikatakata kwa mikono yangu. Tena zilikuwamo humo humo mezani, mbele ya pua zao, lakini nani angeamini? Kwa watu wetu firigisi isiyoonekana nzima imeliwa na mpishi, hakuna maelezo mengine. Kama Mzee angeondoka bila kula, jina langu lingefika kwetu kabla ya jua kuzama, na Baba angesema alijua tangu zamani.

Bahati njema nilikuwa nimebakiza kuku mmoja wa wafanyakazi ambaye firigisi yake ilikuwa bado nzima ndani ya supu. Nikaitoa, nikaifuta, nikaiweka peke yake kwenye kisahani cha chai. Bwana Meneja akafikiri nakwenda kumpa Mzee, akapumua. Nikaingia ukumbini, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Hii ndiyo firigisi. Kwa mapishi ya leo inakatwa ndani ya mchuzi ili kila aliyeketi na wewe apate. Kosa ni kwamba hatukukuonyesha kwanza. Naomba ruhusa yako niigawe."

Akaitazama. Ukumbi mzima ukaitazama. Halafu akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Kumbe nilitakiwa kuulizwa tu," alisema. "Kaigawe, binti. Waambie ni mimi nimewapa." Wakala mpaka wakapangusa sahani kwa mkate, na kila aliyeondoka alimshukuru Mzee kwa firigisi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyechinja ng'ombe.

Walipokuwa wakitawanyika alipitia mlango wa jikoni, akainama karibu nami. "Miaka hii yote wananiwekea firigisi," alisema kwa sauti ya chini, "na mimi meno yalikwisha ondoka. Naificha shavuni, nikitoka nje naitema. Leo nimeila."

Tangu siku hiyo ukawa utaratibu wangu: firigisi ya mkubwa wa meza inapikwa nzima, inapelekwa kwake kwenye kisahani kabla ya kitu kingine, anaitazama, anatoa ruhusa, inarudi jikoni kukatwa. Wahudumu walizoea kuuliza, "Firigisi imeaga?" Hakuna mzee hata mmoja aliyekataa. Kunyang'anywa ni kitu kingine na kugawa ni kitu kingine, hata kama nyama ni ile ile.

Kituo cha mwisho kilikuwa shule ya sekondari ya wasichana, ambako nilijulikana kwa jina la Mama Sikola, chini ya Matroni, mama mkali mwenye huruma nyingi aliyejitahidi kuificha. Pasaka wasichana wanaobaki bwenini walikuja jikoni kujifunza. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa: nyongo, ngozi ya njano, povu, unga. Nilipowanyooshea kijiko walionja mmoja mmoja, wakabishana kuhusu chumvi, na hakuna aliyetazama mlangoni. Matroni akaniuliza kwa nini nafuta macho. Nikamwambia ni kitunguu. "Kitunguu kilikwisha iva, Mama Sikola," akasema, akatoka akaniacha.

Katika miaka hiyo Mama alitutoka, na Baba akabaki akitunzwa na mke wa kaka yangu, Mama Egno, wifi yangu mwema asiyechoka. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi, na Baba alikuwa bado ameshiba kila nikipika. Ila nilianza kuona jambo. Meno yake yalikuwa yameondoka moja moja, na wifi, kwa heshima, hakuwahi kuacha kumwekea firigisi nzima. Baba aliitia kinywani mbele yetu sote kama ilivyo desturi, akaizungusha, mazungumzo yakaendelea. Baada ya kitambo mkono wake ulishuka polepole kando ya benchi. Paka wake, mweusi mwenye kifua cheupe, alinenepa kuliko paka wote wa kitongoji. Ungemwambiaje mwenye nyumba kwamba hana tena meno ya kula cheo chake?

Nikastaafu. Walinipa godoro, saa ya ukutani na maneno mazuri, nikarudi kwetu. Mtu akistaafu anaulizwa atafanya nini sasa, na mimi nilikuwa na jibu moja tu ambalo sikumwambia mtu: nitakula Noeli nyumbani.

Ilipofika, nilimwomba wifi aniachie jiko. Akasita. "Wifi, unajua Baba," alisema.

"Namjua. Wewe nipe jogoo na ubao wa kukatia."

Nikachinjisha jogoo wa makamo, mwenye firigisi ya kuumiza hata meno ya kijana. Oveni hatuna, nikamwoka ndani ya sufuria nzito, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Firigisi nikaichemsha nzima mpaka ikawa tayari. Nikakwangua masalia, nikakaanga unga, wa mahindi uliochekechwa kwa kitambaa, ingawa wa ngano siku hizi umejaa kila duka. Halafu, kabla ya kukata chochote, nikachukua kisahani.

Baba alikuwa kwenye benchi lake, shati jeupe la kanisani bado mwilini, fimbo kati ya magoti. Paka alikuwa mahali pake. Nikapiga goti, na nawaambia nilikuwa na hofu kuliko siku ile ya ukumbi wa wakulima.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeleta firigisi yako uione. Naomba ruhusa niigawe."

Akaishika kwa vidole, akaigeuza. "Uigawe kwa nani?"

"Kwako kwanza, Baba. Halafu kwa wote walio nyumbani mwako."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Paka akainuka, akajinyoosha, akakaa tena karibu zaidi na mguu wa benchi. Baba akamtazama paka, akaitazama firigisi, akanitazama mimi, na nikaona kwamba amejua kuwa najua.

"Haya, kaigawe," alisema, akanirudishia kisahani. "Lakini paka asipewe."

Niliikata kama Sista Mkuu alivyonilazimisha kujifunza, mpaka ubao ukawa na pumba laini. Nikaichemsha ndani ya mchuzi pamoja na ini na moyo. Nikaonja. Nikaongeza chumvi kidogo sana, nikaonja tena. Nikammiminia Baba bakuli lake la kwanza, na ugali mlaini pembeni, nikalisogeza birika la kunawia. Akanawa. Mkono wake ukiwa bado una maji, nilingoja aseme ameshiba.

Akamega tonge, akalichovya, akatia mdomoni. Akala polepole, akachovya tena. Alipofika katikati ya bakuli akainua macho.

"Chumvi umeipimaje?"

Nilijua anachouliza. Wifi naye alijua, akaacha kupakua. Ningeweza kusema kwa mazoea, au kwa jicho, na siku ingepita salama.

"Kwa kuonja, Baba," nilisema.

Akaliangalia bakuli. "Basi ndiyo maana," alisema, akamega tonge jingine.

Nilishika sahani yangu tu, nikimtazama jinsi anavyopangusa pembe za bakuli kwa ugali. Alipomaliza alimwita wifi yangu. Yeye alikuwa amejipakulia kuku na mboga, na mchuzi ameuacha kwenye sufuria, kama alivyofunzwa na mama yake.

"Mama Egno, chukua kijiko. Onja, ujue chumvi inakaa wapi."

Wifi alinitazama mimi kwanza. Nikamnyooshea kijiko. Akaonja, akafumba macho, akayafumbua.

"Baba, mbona tamu hivi?"

"Sasa ulidhani tuliwanyima kwa nini?" Baba alisema.

Tukacheka mpaka majirani wakachungulia. Kijiko kikazunguka nyumba nzima, na paka akangoja chini ya benchi mpaka tulipoanza kuosha vyombo.